Kabla ya kununua begi la vipande 216, kapime nati moja

SWALI

Shikamoo fundi. Babu mzaa mama alituachia Land Rover 109 ya petroli ya mwaka 1966. Imekaa chini ya mwembe huko Muheza tangu 2009. Wajomba wanataka kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nami nimewaomba miaka miwili niifufue. Kazi yangu ni umeme wa majumbani. Magari nayajua kwa kutazama tu, ila mikono ninayo. Nimetenga shilingi milioni mbili kwa vifaa peke yake. Kariakoo nimeona begi la vipande 216, vyote milimita, halafu kompresa ya lita 50, halafu mashine ndogo ya kuchomelea. Nikibeba vyote vitatu hela imekwisha. Je, nitakuwa nimepatia? (Msomaji wa Tanga)

JIBU

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu babu. Wajomba waambie watulie kidogo. Bodi ya gari hilo ni aluminiamu, haliozi upesi kama wanavyodhani. Kinachooza ni chasisi, na hiyo haionekani kwa mtu aliyesimama barazani.

Begi usinunue. Kompresa usinunue. Mashine ya kuchomelea usinunue, angalau si mwaka huu. Najua jibu la namna hiyo linamkera mtu ambaye tayari ameshajiona ndani ya ovaroli, basi nikae nikueleze.

Begi silisemi kwa ubaya. Kwa Toyota ya mwaka 1995 ningekwambia lichukue leo. Lakini gari la babu yako halijui milimita. Liliundwa Solihull, Uingereza, wakati Waingereza wako katikati ya kuhama kutoka vipimo vyao vya kale vya inchi kwenda vipimo vipya, navyo vya inchi vilevile, wakawa wanahama kama mtu anayehamisha nyumba kwa baiskeli: kitanda leo, kabati wiki ijayo. Ndiyo maana gari moja lina nati za koo tatu.

Ukoo mkubwa unaitwa Unified, ambao Uingereza, Marekani na Kanada waliafikiana mwaka 1948, baada ya vita kuwaonyesha adha ya bolti ya Mmarekani kutoingia kwenye nati ya Mwingereza. Utauona ukiandikwa UNF kwa uzi mwembamba (uzi ni ile mikato inayozunguka bolti) na UNC kwa uzi mnene. Spana zake zina herufi AF, na namba iliyochongwa juu yake ni upana wa mdomo wa spana: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 3/4. Ukoo wa pili ni wa wazee, BSF, mtoto wa uzi ule ambao Joseph Whitworth aliupendekeza mwaka 1841. Kwenye 109 ya miaka ya sitini utaukuta hasa kwenye gia boksi, na hata nati za magurudumu ni za uzi huo. Nati zake zinafunguliwa kwa spana za Whitworth, na hapa ndipo vijana wanapopotea, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye spana ya Whitworth si upana wa mdomo, ni unene wa bolti. Spana iliyoandikwa 1/4 W ina mdomo mpana kuliko ile ya 1/2 AF. Ukimwambia mtu hivyo dukani anakuona umechanganyikiwa. Ukoo wa tatu ni BA, vinati vidogo vidogo vya vifaa vya umeme vya Lucas, na wewe fundi umeme ndio utakaoanza kuwashika.

Sasa lete milimita zako hapo. Nati ya 9/16, ambayo ndiyo iko kwenye bolti za propela (ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini hadi magurudumu), ina upana wa milimita 14.29. Spana ya 14 haiingii. Ya 15 inaingia na kucheza. Nati ya 1/2 ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 inaivaa kama koti la kaka mkubwa. Ya 5/8 inapatana na 16 bila shida, na ya 3/4 ni 19.05, hapo spana ya 19 inakaa kana kwamba imetengenezewa. Na hiyo ndiyo hatari ya begi lile. Halikosei kila mahali. Litakufungulia nati mbili vizuri, utaliamini, halafu ya tatu litaila pembe.

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, kwenye gereji ya shamba moja la mkonge, nilipewa propela ya kushusha. Nati nane, nne kila upande. Nikachukua spana ya 15 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka kwa kelele. Ya tatu ikalika pembe zote sita, ikawa mviringo kama shanga. Niliikata kwa tindo toka saa nne asubuhi hadi adhana ya alasiri, nimelala chali, mchanga machoni. Msimamizi alikuja, akainama, akaitazama spana mkononi mwangu, akaenda zake bila kusema neno. Kesho yake juu ya benchi nilikuta spana ringi ya 9/16. Ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo manunuzi yako ya kwanza yawe madogo, na yote yawe ya kujua, si ya kufungua: vernia (kile kipimo chenye taya mbili) yenye inchi na milimita, geji ya uzi (zile bapa zenye meno kama kichana, ununue ya inchi na ya milimita), brashi ya waya, chupa ya mafuta ya taa, na daftari. Chukua siku moja uende Muheza na hivyo tu. Usifungue kitu. Lala chini ya gari, safisha vichwa vya bolti, pima, andika. Bolti za Unified za Kiingereza mara nyingi zina duara lililozama kichwani, au viduara vilivyoshikana ubavuni. Kichwa chenye 8.8 ni cha milimita, maana yake kuna fundi aliyepita hapo baada ya kiwanda. Na amini usiamini, mafundi wamepita wengi. Gari lililofanya kazi Tanzania kwa zaidi ya miaka arobaini limetibiwa na kila aliyekuwa karibu. Utakuta bolti ya M8 imelazimishwa kwenye tundu la 5/16, kwa sababu unene ni karibu sawa, milimita 8 kwa 7.94, ila uzi haulingani hata kidogo. Ndipo geji ya uzi inapokulipa hela yake. Bolti ya 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi ni UNF, yenye 20 ni BSF, yenye 16 ni UNC. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Na wakati wa kufunga ukifika, nati ikiingia mizunguko miwili kwa vidole kisha ikakaza, simama hapohapo; usiende kutafuta spana ndefu.

Ukirudi na daftari utajua ununue nini, na nakuhakikishia orodha itakuwa fupi kuliko begi. Spana za AF, ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili, kuanzia 3/8 hadi 15/16. Ya 7/16, 1/2 na 9/16 nunua mbili mbili, maana moja inashika kichwa cha bolti na nyingine inazungusha nati; kila anayenunua seti hugundua hilo akiwa tayari chini ya gari. Boksi spana za AF za kuendeshwa kwa racheti ya nusu inchi, na hapa sina mjadala: chukua zenye pembe sita ndani, si kumi na mbili. Za pembe kumi na mbili ni rahisi kuvalisha, lakini zinashika nati kwenye ncha zake tu, na nati yenye kutu ncha zake ndizo zilizokwisha dhoofika. Za Whitworth usinunue seti nzima. Nne au tano zitatosha, na utazichagua kwa daftari lako. Za BA vilevile: 2 BA na 4 BA ndizo utakazozishika kila siku.

Za AF mpya zinapatikana Gerezani ukiwa na subira. Za Whitworth mpya ni adimu, lakini wewe uko Tanga, na Tanga ni pazuri kwa jambo hili. Mashamba ya mkonge na karakana za reli zilijaa mitambo ya Kiingereza, na spana zake hazikuyeyuka. Ziko kwa wauza vyuma, zinauzwa kwa kilo, zimechanganyika na makorokoro ya baiskeli. Nimeokota spana ya King Dick, chapa ya Kiingereza, humo ambayo ukiisugua inang'aa kuliko mpya. Kabla hujalipa, chungulia mdomo. Kingo mbili lazima zilingane sawasawa toka ndani hadi nje. Zikiwa zimepanuka kwa mbele kama mdomo wa bata, iache, hata akikupa bure. Ringi nayo itazame pembe zake za ndani kama bado ni kali. Kutu ya juu haina neno.

Bisibisi usidharau. Nunua za mstari tatu nzuri zenye ncha pana inayojaza tundu lote la parafujo, na ziwe zile zenye sehemu ya pembe sita shingoni ili uweze kuzisaidia kwa spana. Ukikuta parafujo za nyota, tazama kwa makini kama kuna vistari vyembamba vya ziada kati ya mikono ya nyota. Ukiviona, hiyo ni Pozidriv, na bisibisi ya nyota ya kawaida itairarua. Ongeza bisibisi ya kugonga, ile unayoipiga nyundo inajizungusha yenyewe. Parafujo za bawaba za milango hazitoki bila hiyo.

Tuingie sasa kwenye kazi yenyewe, maana miezi sita ya kwanza hutafunga kitu. Utakuwa unabembeleza vilivyogoma. Hapa ndipo ningeweka hela nyingi zaidi baada ya spana, ingawa vifaa vyake havina sura ya kupigia picha. Nyundo ya kichwa cha mviringo ya kilo moja. Tindo mbili, moja kali na moja butu. Koleo la kujifunga lenyewe, kubwa na dogo. Kipasua nati. Msumeno wa chuma na nyembe nyingi nzuri, si zile zinazokatika ukizikunja. Jiliwa la inchi tano, tena zito, lililofungwa kwenye benchi lisilotikisika. Ukikosa la Kizungu la zamani nunua jipya, ila pima uzito wake mkononi. Na bana ya gesi, ile inayokaa juu ya mtungi mdogo.

Mpangilio wangu ni huu. Siku ya kwanza napiga brashi na kulowesha. Mimi hutumia nusu asetoni na nusu oili ya gia boksi ya otomatiki, naitikisa kila mara kwa kuwa hazipendi kukaa pamoja, na siiweki karibu na moto. Dizeli nayo inafanya kazi, inataka siku nyingi zaidi tu. Siku ya pili nagonga kichwa cha nati, si kwa hasira, kwa mfululizo, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye wagonjwa. Mtikisiko ndio unaoipasua kutu ndani ya uzi. Nalowesha tena. Siku ya tatu najaribu kukaza kwanza, robo ya robo ya mzunguko, kisha kulegeza. Ikisogea hata unywele, imekwisha hiyo: mbele, nyuma, mafuta, mbele, nyuma. Ikikataa, moto kwenye nati, si kwenye bolti, kisha gusisha mshumaa pale penye uzi. Nta inanyonywa ndani utaona kwa macho yako. Ikikataa na hapo, kama ni ya bodi au ya springi, ipasue bila huruma, bolti mpya zipo. Lakini bolti zilizojikita ndani ya gia boksi au ndani ya injini usizikate. Hizo unarudi siku ya kwanza.

Moto una mipaka yake kwenye gari hili. Tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, au nyuma kama ni Station Wagon. Litoe lote, ulipeleke mbali, kabla hujawasha kiberiti popote. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka, si petroli yenyewe.

Kuna kazi moja nikutahadharishe mapema, kwa sababu imewafanya watu waliuze gari katikati ya safari: bushi za springi. Ni raba iliyobanwa kati ya mirija miwili ya chuma, na ule mrija wa nje umeota kutu ndani ya chasisi tangu babu yako akiwa kijana. Utapiga nyundo hadi jirani aje kuuliza, na hautasogea. Usinunue pula ya bei kwa hili. Choma au toboa raba itoke, toa mrija wa ndani, kisha pitisha wembe wa msumeno ndani ya tundu na ukate mrija wa nje kwa urefu, taratibu, mikato miwili, ukijihadhari usiingie kwenye chuma cha chasisi. Ukishakatika, tindo butu linaukunja kwa ndani na unatoka kwa aibu. Kurudisha mpya, mwambie fundi wa lezi akukatie fimbo ya uzi na vikombe viwili vya chuma. Unavuta bushi kwa kuzungusha nati. Fimbo hiyo hiyo utaitumia kwenye kazi nyingine kumi.

Kifaa maalumu ambacho huna budi kununua ni spana ya nati za habu (kitovu cha gurudumu), ya milimita 52. Ndiyo, milimita; wauzaji wa sasa wanaiita hivyo. Vijana wengi huzifungua nati hizo kwa tindo, na ndiyo maana huenda ukizikuta zina makovu. Kufungua kwa tindo inawezekana, kufunga kwa kipimo haiwezekani.

Kuinua gari nitasema machache, lakini yashike. Nunua jeki ya chupa ya tani tano na stendi nne za tani tatu kila moja. Si tofali, si jiwe, si rimu zilizopangwa. Tofali la saruji halikupi onyo, linapasuka ghafla. Nimezika mtu kwa ajili ya gogo lililoteleza, na sitaki kulisimulia. Jeki ndefu ya porini, hata kama imo bado ndani ya gari, ni ya kutoa gari kwenye tope, haifai mtu kulala chini yake. Kabla hujaanza, lile eneo chini ya mwembe mwaga kokoto na uweke mbao nene au karatasi ya chuma chini ya kila stendi, maana udongo wa Muheza ukinyeshewa unameza mguu wa stendi kama uji.

Vya kupimia ndivyo watu huviacha mwisho na hela ikiwa imekwisha. Wewe usiache. Fila geji ya inchi na milimita: valvu za injini hiyo ya cc 2286 zinataka nafasi ya inchi 0.010, yaani milimita 0.25, na kontakti za distributa kati ya milimita 0.35 na 0.40. Toki renchi ya nusu inchi, nzuri, hata kama ni kwa mkopo wa mtu: bolti kubwa za silinda hedi zinakazwa paundi-futi 65, kama Newton-mita 88, na mkono hauwezi kukisia hilo kwenye bolti zote kwa usawa. Geji yenye uso kama saa, pamoja na mguu wake wa sumaku, kwa ajili ya beringi za habu, ambazo mchezo wake ni milimita 0.10 hadi 0.15. Zamani tulikuwa tunatikisa gurudumu na kusikiliza. Tulikuwa pia tunabadilisha beringi mara kwa mara.

Maikromita ya kupimia krankishafti usinunue. Ukifikia hapo utapeleka krankishafti na bloku kwa fundi wa mashine; yeye ana chake, na akikosea kupima ni juu yake kurekebisha. Vivyo hivyo kibana springi za valvu, presi, na cheni bloku ya kutolea injini: azima au kodi kwa siku. Ninafahamu watu waliojaza banda vifaa vilivyotumika mara moja, na gari bado liko kwenye stendi.

Kompresa sasa. Ya lita 50 itajaza tairi na kupuliza vumbi, basi. Kupiga mchanga chasisi kunataka hewa nyingi mara kadhaa ya hiyo, itakuwa inanguruma mchana kutwa na wewe umesafisha mahali pa kiganja. Chasisi ikishakuwa uchi, peleka kwa wapiga mchanga, siku moja imekwisha. Mabati ya aluminiamu usiwape. Mchanga ukipigwa kwa nguvu unayapinda yakawa kama chapati. Na lile vumbi lililo ndani ya ngoma za breki usilipulize kwa hewa kamwe. Viatu vya breki vya zama hizo vilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Kuchomelea nako, kwanza gonga chasisi nzima kwa nyundo ndogo, hasa ile boriti ya nyuma kabisa na mikono inayotoka pembeni. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boga. Bati la chasisi ni kama milimita mbili tu. Mtu anayejifunza kwa mashine ndogo ya fimbo atatoboa matundu mengi kuliko anayoziba. Ile fayawoli, ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva, ni nyembamba zaidi. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi umlipe kwa siku. Kazi yako wewe iwe kumwandalia: kata palipooza kwa grinda hadi ukute chuma cheupe, tengeneza viraka vyako vilingane. Grinda nunua, ya inchi nne na nusu, yenye kinga yake, na miwani. Hiyo ndiyo mashine pekee ya umeme ninayokuruhusu kwa sasa, pamoja na drili.

Kwa aluminiamu uwe na seti yako ndogo ya pembeni: nyundo ya mbao, mfuko wa turubai uliojaa mchanga, brashi ya chuma cha pua isiyowahi kugusa chuma cha kawaida, na tupa. Chembe za chuma zikibaki ndani ya aluminiamu zinaanzisha ule unga mweupe unaoula. Bati likiwa limekuwa gumu kwa kupondwa, lipake sabuni ya mche, kisha lipitishie moto upande wa pili huku ukiusogeza. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, ondoa moto, acha lipoe. Litakuwa laini kama lilivyotoka kiwandani. Bila sabuni huna cha kukuonya, maana aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Unatazama bati, mara unatazama tundu.

Makopo ya Blue Band na mifuko ya nailoni nayo ni vifaa. Kila kundi la nati na kopo lake, karatasi ndani, na picha ya simu kabla ya kufungua. Kwa gari lenye nyuzi za koo tatu, kopo moja lililomwagika ni wiki moja ya kupima upya.

Injini usijaribu kuiwasha siku ya kwanza kwa kuvuta gari, hata wajomba wakijitolea kusukuma. Toa plagi nne kwa spana ya 13/16, mimina ule mchanganyiko wa asetoni na oili vijiko viwili kila silinda, acha wiki nzima, kisha zungusha kwa hendeli ya mbele kwa mkono tu, plagi zikiwa nje. Ikigoma, ongeza siku, usiongeze bomba kwenye hendeli.

Na umeme, ambao ni wako. Land Rover za mwaka 1966 zilitoka kiwandani na chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi, si hasi. Zilibadilishwa mwaka 1967. Lakini huenda fundi fulani aligeuza baadaye, na betri nadhani iliibwa zamani. Kabla hujaunga kitu, tafuta ule mkanda mnene unaoenda kwenye chasisi na upime kwa vernia tundu la kibano chake. Nguzo ya chanya ya betri ni nene kuliko ya hasi, kama milimita 17.5 kwa 15.9, kwa hiyo tundu litakwambia lilikuwa limevaa ipi. Niandikie umepata ngapi, pamoja na yale ya kwenye daftari, ndipo tuzungumze juu ya dainamo.